Mwendo wa Watoto



Kila anayeamka mapema hapa Kalobeyei anawajua. Kabla jua halijachomoza unasikia vishindo vya miguu kwenye njia ya kuelekea laga, kisha wanapita: watoto wa miaka 12, 14, 16, mmoja nyuma ya mwingine, wengine wamevaa raba zilizoachia soli na kufungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, wengine miguu mitupu. Sisi tunapowasha moto wa chai, wao wamekwisha maliza kilomita 10. Wanaoga kama maji yapo, wanakwenda shule, na jua likipunguza ukali jioni wanatoka tena. Mara nyingi nimesimama mlangoni nikamshukuru Mungu kwa ajili yao, kwa maana kijana anayekimbia hakai kwenye chang'aa wala kwenye bangi. Hilo bado naliamini. Ninalotaka kuuliza ni jingine: mtoto akikimbia ili awaokoe watu wa nyumbani kwake, ni nani anayelipa gharama ya mbio hizo? Na je, tuna ruhusa mbele za Mungu ya kumwacha alipe yeye?

Tusijifanye hatujui mambo haya yalianzia wapi. Mwaka 2015 Tegla Loroupe, yule Mkenya aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1994 na 1995, alikuja Kakuma kutafuta wakimbiaji kati ya wakimbizi. Mwaka uliofuata vijana watano wa Sudan Kusini waliotoka kambini Kakuma walikwenda Rio de Janeiro katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, timu ya watu 10. Rose Nathike Lokonyen ndiye aliyebeba bendera. Mwaka 2024 huko Paris tukamwona Perina Lokure Nakang, naye wa Kakuma, akikimbia mita 800. Tangu hapo kila nyumba yenye mtoto mwenye miguu mirefu imeanza kupiga hesabu. Siwacheki. Milango mingine imekuwa ikifungwa. Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, watu wa kanisa hili waliokuwa wamekwisha uza vyombo vyao walibaki wamekalia masanduku. Mgao nao umepunguzwa mara kadhaa. Katika hali hiyo, mtoto anayekimbia vizuri anaonekana kama barua iliyotoka mbinguni.

Sasa niseme kosa langu, ili nisionekane ninawafundisha wengine.

Kuna binti mmoja wa kanisa letu, sitamtaja jina wala jamii yake. Wakati huo alikuwa na miaka 15. Kocha wake alikuwa kijana mwenye moyo mzuri, asiyelipwa na mtu, aliyefundisha kama alivyosikia kwamba wakimbiaji wakubwa hufundishwa. Binti alikimbia kilomita 12 asubuhi na 8 jioni, siku sita kwa juma. Hizo ni kilomita 120. Jumapili moja nilimwita mbele ya kanisa, nikasoma 1 Wakorintho 9, mahali Paulo anaposema juu ya wapigao mbio, nikahubiri kwa nguvu, tukachanga fedha za viatu. Watu walipiga vigelegele. Mama yake alilia.

Miezi miwili baadaye alikuja kwangu akilalamika maumivu kwenye muundi. Nilimwekea mikono, nikamwombea, nikamkumbusha Isaya 40, nikamwambia asirudi nyuma. Alikimbia majuma matatu zaidi juu ya maneno yangu hayo. Siku ya mashindano alianguka kabla ya mzunguko wa mwisho, akashindwa kusimama. Picha ya kwanza haikuonyesha kitu, na wako waliosema anadeka. Picha ya pili, iliyopigwa majuma kadhaa baadaye, ilionyesha mstari mwembamba katika mfupa. Daktari akauliza mbele ya mama yake kama siku zake za mwezi zinakuja. Mama hakujua. Binti akajibu kwamba zilikoma miezi minane iliyopita, na kwamba yeye alifurahi, kwa sababu pedi hazipatikani.

Nilitoka nje nikakaa chini ya mti.

Mimi nimesoma Biblia, sikusoma udaktari. Lakini tangu siku ile nimewauliza sana wanaojua, na nitawaeleza nilivyoelewa. Mfupa ni kitu hai. Kila mguu unapopiga ardhi, mfupa unapata madhara madogo yasiyoonekana, na mtu akipumzika mwili unayatengeneza, tena mfupa unakuwa na nguvu kuliko mwanzo. Ndiyo maana kukimbia kwa kiasi kunawafaa watoto, na wanaokimbia kwenda shule wakicheza njiani hawadhuriki. Shida inakuja pale ambapo mapigo yanayafuata mapigo na mapumziko hayapo. Hapo madhara yanatangulia matengenezo, mpaka mfupa unapasuka ufa bila mtu kupigwa wala kuanguka. Dalili yake ni maumivu yanayokaa mahali pamoja. Ukibonyeza kwa kidole mtoto anaruka. Na picha ya mapema inaweza isionyeshe ufa wowote kwa majuma mawili au matatu, kwa hiyo asiitwe mwongo.

Kwa mtoto kuna jambo la zaidi. Kwenye ncha za mifupa yake kuna sehemu laini ya gegedu ambayo ndiyo inayokua, nayo haijakomaa mpaka karibu miaka 14 hadi 16 kwa wasichana na 16 hadi 18 kwa wavulana. Mishipa ya misuli inavuta sehemu hizo kila hatua. Yale maumivu ya chini ya goti na ya kisigino, ambayo sisi huyaita maumivu ya kukua, mara nyingi yanatoka hapo, nayo yanatulia mtoto akipunguziwa mbio. Tena karibu sehemu tisa katika kumi za mfupa wote ambao mtu atakuwa nao maishani zimekwisha jengwa akifika miaka 18 au 20. Binti aliyepoteza miaka miwili ya kujenga mfupa akiwa na 15, hatumwoni akiteseka leo. Atateseka akiwa bibi, siku atakapoteleza kisimani.

Halafu kuna chakula. Hesabu hii ilinishtua kuliko yote, nayo ni rahisi. Mashirika yanapopanga mgao kamili, yanahesabu kalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Mtu anapokimbia hutumia karibu kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake katika kila kilomita. Binti wetu alikuwa na kilo 45. Kilomita 20 ni kalori 900 zinazokwisha njiani. Hata kama angepata mgao kamili, angebakiwa na 1,200 za kukua, kusoma, kubeba maji na kuishi. Naye hakupata mgao kamili. Wala nyumbani hakula sawasawa na hesabu ya karatasi, kwa sababu ana wadogo zake wanne, na ninyi kina mama mnajua binti mkubwa anavyojipakulia.

Mwili usiopata chakula cha kutosha hufanya kama mama mwenye busara siku ya njaa: unaacha mambo yanayoweza kungoja. Unaacha hedhi kwanza, unaacha kujenga mfupa, unapunguza damu. Madaktari wa michezo walikwisha ona miaka mingi kwamba kwa wasichana mambo matatu yanakwenda pamoja: chakula kidogo kuliko kazi, hedhi kukoma, na mifupa kudhoofika. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitangaza kwamba tatizo hili ni pana zaidi, na kwamba wavulana nao wanalo, ila wao hawana dalili ya kila mwezi ya kuwaonya. Kwa hiyo mama ukisikia siku za binti yako zimekoma naye anakimbia sana, usiseme afadhali. Na kijana anayechoka asubuhi, aliyepauka macho, ambaye muda wake unazidi kuwa mbaya ingawa anaongeza bidii, hana pepo wa uvivu. Mpeleke apimwe damu.

Msidhani mambo haya yanawapata wakimbizi tu. Mary Cain wa Marekani alikuwa na miaka 17 mwaka 2013 alipofika fainali ya mita 1,500 katika mashindano ya dunia huko Moscow. Mwaka 2019 alisimama mbele ya dunia akaeleza kwamba katika mazoezi yake alilazimishwa kupungua uzito, akakosa hedhi kwa miaka mitatu na kuvunjika mifupa mitano. Kwao chakula kilikuwepo. Hakuruhusiwa kukila.

Hayo ni ya mwili. Swali nililoanza nalo ni gumu kuliko hayo.

Baada ya binti yule kuvunjika nilianza kuzungumza na wazazi wengine. Baba mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akaniambia: "Pasta, wewe unaniambia habari za mifupa ya mwanangu miaka 40 ijayo. Mimi nina njaa ya leo. Unaufunga mlango huu. Haya, mlango wako wewe uko wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikunywa chai yake nikaenda zangu. Wanaokuja hapa kwa semina ya siku moja wanawasema wazazi kama hawa kwamba hawawapendi watoto wao. Huo ni uongo. Baba yule hali usiku ili mwanawe ale.

Hata hivyo upendo wa namna hiyo unaweza kumpeleka mtoto mahali pabaya. Huko India, mwaka 2006, mtoto wa familia maskini sana aitwaye Budhia Singh alikimbia karibu kilomita 65 kutoka Puri hadi Bhubaneswar. Alikuwa na miaka 4. Barabarani watu walimshangilia. Kocha wake alisema yeye ndiye aliyemtoa kwenye ufukara, akampa chakula na mahali pa kulala, na hilo lilikuwa kweli. Serikali ya jimbo ikakataza mbio zile, na watu wengi wakaikasirikia serikali. Yule mtoto hakuwahi kufika Olimpiki. Wanangu hawana miaka 4, mtasema, nami nakubali. Lakini ukiwauliza walioshangilia kando ya barabara, wangejibu kama tunavyojibu sisi: mtoto mwenyewe anapenda.

Hapo ndipo penye kiini. "Anapenda mwenyewe." Yule binti wetu naye alipenda, nilimwuliza. Alisema: "Ninataka, Pasta." Lakini mtoto aliyesikia mama yake akiomba kila usiku, "Bwana, tutoe hapa kwa miguu ya mwanangu," anaweza kusema nini kingine? Someni Waamuzi 11. Yeftha aliweka nadhiri kwa ajili ya vita vyake, na aliyetoka kumlaki mlangoni akawa binti yake. Binti alikubali. Alimwambia baba yake atende kama alivyoahidi. Tangu nikiwa chuo cha Biblia nimewasikia wahubiri wakimsifu binti yule kwa utii, nami nimemsifu pia. Sasa nikisoma naona kwamba kukubali kwake hakuisafishi nadhiri ya baba. Aliyeahidi ni mtu mzima, na aliyelipa ni mtoto.

Na Paulo? Ndugu mmoja alinikumbusha kwamba Paulo alisema anautesa mwili wake na kuutumikisha. Ni kweli, iko pale pale katika 1 Wakorintho 9. Lakini ni mwili wake mwenyewe. Hakuna mahali ambapo Paulo anautesa mwili wa Timotheo. Mahali anaposema juu ya mwili wa Timotheo, katika 1 Timotheo 5:23, anamtafutia dawa ya tumbo. Mtu mzima anaweza kuutoa mwili wake kwa ajili ya watoto wake, na wengi wenu mmefanya hivyo. Kugeuza jambo hilo, mwili wa mtoto utolewe kwa ajili yetu, sijaliona katika Maandiko likibarikiwa.

Andiko lililonitoa chini ya ule mti ni la Yakobo. Katika Mwanzo 33 Yakobo anarudi kutoka ugenini baada ya miaka mingi, na Esau, mwenye watu 400, anamwambia waende pamoja. Yakobo anakataa kwa upole. Anasema watoto ni wachanga, na mifugo ikisukumwa siku moja tu itakufa; yeye atakwenda polepole, kwa mwendo wa watoto. Yakobo mwenyewe alikuwa mtu wa haraka maisha yake yote. Safari hii, akiwa na hofu ya kweli nyuma yake na mbele yake, alikubali kuchelewa.

Mwaka 1996 tulipotoka Fizi kuelekea ziwani nilikuwa na miaka 15. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa na minne. Watu walitupita njiani, wakamwambia mama atuache sisi wakubwa tutangulie. Mama alikataa, akasema tutatembea kama mdogo anavyotembea. Nilimkasirikia. Tulifika wa mwisho, na tulifika wote. Najua wako waliochelewa wasifike. Siandiki kana kwamba polepole ni salama siku zote.

Nilirudi kwa yule baba, safari hii na jambo mkononi. Nilimwambia: tazama wale watano wa mwaka 2016 ambao picha yao iko kwenye ukuta wako. Wote walikuwa wamepita miaka 20. Walikimbia mita 400, 800 na 1,500. Walipochaguliwa walipelekwa Ngong, wakapata chakula na viatu, ndipo wakaanza mazoezi mazito. Hakuna aliyefika Rio kwa sababu alikimbia kilomita 120 kwa juma akiwa na miaka 14 na tumbo tupu. Na kwenye Olimpiki na mashindano ya dunia, kijana wa chini ya miaka 20 haruhusiwi kukimbia marathoni. Wenye mchezo wao wenyewe wameona haifai. Akauliza, "Kwa hiyo anangoja?" Nikasema, anakimbia, lakini anakimbia kama mtoto.

Basi tulikaa na wazee wa kanisa, kina mama na makocha wawili. Kuna mashauri ya chama cha madaktari wa watoto cha Marekani ya mwaka 2007 ambayo hayahitaji fedha: siku moja au mbili za kupumzika kila juma, mazoezi yasiongezwe zaidi ya sehemu moja katika kumi kwa juma, na miezi miwili au mitatu kwa mwaka ya kuuacha mchezo ule mmoja. Makocha waliyakubali kwa urahisi kuliko nilivyotarajia. Mmoja alisema hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Kina mama wanapika uji wa unga na njugu Jumamosi baada ya mazoezi. Si kila Jumamosi, ni pale mfuko wa kanisa unaporuhusu. Kwenye jua kali la mchana hakuna kukimbia. Nami nimeacha kuwaita watoto mbele ya kanisa kwa sababu ya mbio.

Jambo lililokuwa gumu halikuwa hilo. Nilimwomba baba wa binti yule aseme kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mtoto, kwamba si kazi yake kuwatoa hapa. Alishindwa. Alisema, nikisema hivyo nitakuwa nimesema hakuna wa kututoa. Ilimchukua karibu mwezi mzima. Alisema siku ya Jumatano jioni, mkewe aliniambia, wakiwa wanachambua maharagwe, akasema huku anatazama maharagwe.

Sijui kama tumeupoteza mlango. Huenda mwaka fulani watakuja kuchagua vijana, nao wa kwetu wasichaguliwe kwa sababu tuliwapunguza. Ikiwa hivyo, wazazi wataniuliza mimi, na wana haki.

Binti sasa ana miaka 16. Mguu umepona, na siku zake zimerudi. Anakimbia mara nne kwa juma, mbio fupi zaidi, na Jumamosi anawapulizia wadogo filimbi kwenye mchanga wa laga. Juzi aliniuliza kama akingoja mpaka miaka 20 atakuwa amechelewa. Nikamwambia Rose Lokonyen alipobeba ile bendera alikuwa amepita miaka 20. Alihesabu kwa vidole, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama fundi amekwisha shona viatu vyake.